Msile Mtaji Asubuhi

Jumapili iliyopita, jua likiwa limeshalegea, mjukuu wangu alinijia na wenzake watatu. Ni kijana wa bodaboda pale Busia, mchapakazi, na hana siku anayoingia kwangu mikono mitupu. Safari hii alileta mkate, sukari na habari. "Nyanya," akasema hata kabla hajaketi, "tarehe 26 Desemba tunakimbia kutoka Busia hadi Malaba na kurudi. Siku moja. Bila kusimama." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kama mashahidi waliokubaliana njiani.

Nikawaambia wakae, chai iko jikoni.

Busia hadi Malaba ni kilomita 30 hivi. Unapita Alupe, unapita Adungosi, halafu unaanza kuziona trela. Kwenda na kurudi ni kama 60. Marathoni ina kilomita 42 na mita 195, na mbio yoyote inayozidi hapo huitwa ultramarathoni. Niliwauliza nani kati yao amewahi kukimbia mbali zaidi, na ni umbali gani. Wakatazamana. Mmoja akasema kilomita 10, shuleni, na shule ameimaliza miaka minne iliyopita. Lakini viatu walikuwa navyo. Mjukuu wangu alivitoa kwenye begi akaviweka juu ya stuli mbele yangu: mitumba ya Soko Matope, vimesuguliwa vikatakata, kamba mpya nyeupe. Nikavigeuza, nikamwambia avivae, nikabonyeza pale penye kidole gumba. Vilimkaa barabara, bila nafasi hata ya punje ya hindi. Nikavirudisha kwenye stuli nikaenda kuepua chai.

Nilitabasamu, na nadhani walifikiri ninawadharau. Sikuwadharau hata kidogo. Kijana anayetaka kukimbia kilomita 60 badala ya kushinda kijiweni ananifurahisha. Ila mwendo wao naujua, nimeutazama tangu nikiwa msichana.

Nimefundisha shule za msingi huku Teso kwa miaka 34, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa mwalimu wa michezo. Kila muhula wa kwanza zinakuja mbio za nyika. Kipenga kinalia, na nusu ya watoto wanaondoka kama kuku waliomwagiwa mtama. Mita 300 za kwanza ni shangwe tupu: mama zao wako kando ya uwanja, wenzao wanapiga vigelegele, nani atakubali kuonekana nyuma? Kufika kwenye mwembe wa pili, mimi nimeshawajua watakaolala majanini. Niliwaambia Jumatatu waanze polepole, nikawaambia Jumatano, nikawaambia asubuhi ya mbio yenyewe. Wanaitikia "ndiyo mwalimu" kwa moyo safi kabisa, kipenga kinalia, wanaondoka kama kuku. Baada ya mwaka wa kumi hivi niliacha kukasirika. Nikawa nasimama pale kwenye mwembe wa pili na mtungi wa maji.

Ndivyo tulivyoumbwa. Mtu huandaa mwanzo kwa sababu mwanzo una watu, una picha, una viatu vipya. Kwa kuchoka hakuna anayejiandaa. Na mbio ndefu, wanangu, karibu yote ni kuchoka.

Sokoni tuna neno letu: kula mtaji. Mama anaanza kuuza omena, siku ya kwanza beseni linaisha kabla ya saa sita, anarudi nyumbani na noti mkononi, njiani anaona kitenge. Kitenge ni kizuri, wala simlaumu. Lakini kesho yake alfajiri, wenzake wanaponunua mzigo, yeye anahesabu sarafu. Nguvu unazozisikia saa kumi na mbili asubuhi, mwili mwepesi, barabara baridi, hizo ni mtaji. Bado hujapata faida yoyote. Mwili una akiba yake ya sukari, imewekwa kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hukatika karibu na kilomita ya 30, mapema zaidi kwa aliyeanza kwa pupa. Kilomita ya 30 ni Malaba. Yaani tajiri wa asubuhi anafilisika pale pale anapotakiwa kugeuka na kurudi nyumbani.

Na kwa kuwa nimetaja Malaba, niwaambie nilikojifunza haya.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha chakula Malaba, kando ya barabara ya trela. Likizo zangu zote niliosha sahani pale. Foleni ya Malaba ilikuwa inakaa siku mbili, tatu, na wakati mwingine wiki nzima, na sisi tulikuwa tunaitazama kama wavuvi wanavyotazama ziwa. Nikajua kuwa kuna madereva wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana. Anafika usiku, anaona taa za nyuma za trela zinapotelea mbele, anapandwa na hasira. Anapiga honi. Anashuka, anagombana na wa mbele yake, ambaye naye hana pa kwenda. Halali, anakaa na usukani mkononi asije akapitwa. Siku ya kwanza anakula kuku mzima na soda mbili, kwa sababu amekasirika na ana pesa. Siku ya nne anakuja kwa mama kwa sauti ya chini, anaomba chai ya mkopo.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Mombasa ambaye hadi leo namwona nikifumba macho. Akifika anauliza swali moja tu: "Mama, foleni imefika wapi?" Akishajibiwa anazima injini. Anajifunga kikoi, anafua shati lake kwenye ndoo yetu, analianika kwenye kioo cha gari, ananunua nyanya tatu na kitunguu kimoja, anajipikia kwenye jiko lake dogo la mafuta ya taa. Kisha analala. Foleni ikisogea mita kumi, anaamka, anasogea mita kumi, analala tena. Sikumsikia akilalamika wala kujisifu kwa kutolalamika. Yeye na yule kijana walivuka siku moja. Mmoja alivuka macho mekundu na deni, mwingine alivuka na shati safi.

Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe korona mpakani na kulipia kipimo, madereva wakagoma na trela zikajipanga kwa makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Nilikwenda kuangalia. Mama alishafariki zamani, kibanda kilishavunjwa, lakini nyuso zilikuwa zile zile mbili.

Mnaponiuliza kuhusu kuandaa akili, basi, mimi nawaambia hilo. Akili ya mbio ndefu ni ya mtu anayejua kuzima injini. Mtu anayeamka Jumamosi saa kumi na moja, peke yake, bila muziki masikioni, bila mtu wa kumpiga picha, akaenda kwa muda wa saa tatu kwenye barabara ile ile ya juzi, akarudi akaoga akaenda kazini. Anauzoea uchovu kama mtu anavyomzoea jirani msumbufu: anajua anakuja saa ngapi, anajua atasema nini, anajua ataondoka. Maana uchovu huja na kuondoka. Wakimbiaji wa mbio hizi watawaambia kuwa unaweza kujisikia maiti katika saa ya tano, ukala, ukatembea kidogo, na saa ya sita ukawa mtu tena. Asiyejua hilo, saa ya tano anapanda pikipiki akidhani amekufa kweli.

Na barabara msiibebe yote kichwani. Ukiwa Busia, fikiria Alupe. Ukiwa Alupe, fikiria Adungosi. Malaba itafikiriwa ikionekana.

Sasa tumbo. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu hapa ndipo nina uchungu.

Babu yake mama yangu alichukuliwa kwenda vita vya kwanza vya dunia, katika lile jeshi la wapagazi Waingereza waliloliita Carrier Corps na sisi tukaliita Kariakoo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina hilo hadi leo. Walibeba risasi na unga kuwafuata Wajerumani ndani ya Tanganyika, miezi na miezi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Risasi iliua wachache. Kilichowamaliza ni maradhi, na hasa tumbo. Watu waliozoea wimbi, mtama, ndizi na muhogo walipewa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa ovyo, na hapakuwa na kuni wala muda wa kuupika ukaiva. Wakaula nusu mbichi. Wakaharisha. Mtu anaharisha, na mzigo uko kichwani, na kesho kuna mwendo mwingine. Babu alirudi, ndiyo maana mimi niko hapa, na mama alisimulia kuwa hadi uzeeni hakula ugali kabla ya kuukandamiza kwa kidole aone kama umeiva.

Katika vita hivyo hivyo, upande wa wenye bunduki, alikuwepo mwanajeshi wa Afrika Kusini aitwaye Vic Clapham, dereva wa garimoshi, ambaye alitembea kama kilomita 2,700 katika nchi hizi zetu. Aliporudi kwao alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa kitu kigumu, si kwa sanamu. Baada ya kukataliwa mara kadhaa, akaruhusiwa kuanzisha mbio ya Comrades, kati ya Pietermaritzburg na Durban, karibu kilomita 90. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Leo wanakimbia maelfu kila mwaka, na hakuna ultramarathoni kongwe kuliko hiyo duniani. Kwa hiyo mbio hii mnayoiona ya kigeni ina mizizi kwenye vumbi la Tanganyika, katika msafara ule ule aliobebea mzigo babu yetu. Tulichoachiwa na wapagazi wetu ni onyo lao kuhusu chakula, na mimi naona ni haramu kulipuuza.

Chakula cha siku ya mbio ni kile tumbo lako lilichokizoea kwenye mazoezi, basi. Usiende kununua kitu kipya cha kwenye pakiti kwa sababu umemwona mwanariadha nacho kwenye simu. Mwili unaokimbia kwa saa nyingi unahitaji wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Hesabu ya jikoni hiyo: ndizi moja na nusu, au mbili, kila saa, kidogo kidogo, ukianza saa ya kwanza kabla njaa haijabisha hodi. Viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi kidogo vinafaa. Uji wa wimbi unafaa, ukiwa mwepesi. Na mfanye mazoezi ya kula mkikimbia, maana tumbo nalo hufundishwa kama mguu. Mara ya kwanza litakataa. Mara ya tano litakubali.

Maji pia yana mtego wake. Binti yangu ni tabibu, na ndiye aliyenieleza. Madaktari waliwapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakakuta asilimia 13 chumvi yao ya damu imeshuka kuliko inavyotakiwa, na wengi wa hao walikuwa wamekunywa maji kupita kiasi. Mtu anavimba, anachanganyikiwa, anaweza kufa, na chupa ya maji iko mkononi. Kunywa ukisikia kiu. Na ukiwa njiani saa nyingi, jua la Busia likikuwakia, ule mchanganyiko tunaowapa watoto wanaoharisha utakufaa: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kijana mmoja aliniambia hicho ni kinywaji cha watoto. Nikamwambia, mwanangu, saa ya saba utakuwa mtoto.

Dawa za maumivu msimeze ili mkimbie. Najua zinauzwa kila duka. Figo za mtu aliyekauka maji, amekimbia kilomita 40, zina kazi ya kutosha bila kuongezewa. Na ukienda haja ndogo ukaona mkojo una rangi ya strungi, mbio imeisha hapo hapo, unatafuta hospitali. Vivyo hivyo kifua kikibana, au ukisahau uko wapi.

Na malaria. Huku kwetu malaria haina msimu wa kupumzika. Wiki ya mbio ukisikia baridi mchana na viungo vinauma, usijidanganye kuwa ni mazoezi. Nenda ukapimwe. Nimewahi kumbeba mtoto mgongoni kutoka kwenye mwembe wa pili, joto lake linanichoma kupitia blauzi, na asubuhi yake aliniambia yuko sawa mwalimu, kwa sababu alitaka sana kukimbia. Alipona. Nikaanza kuwashika mapaji ya nyuso wote, mmoja mmoja, kabla ya kipenga.

Viatu: chukueni vyenye nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole gumba, maana mguu huvimba, na kiatu kinachobana hung'oa kucha. Barabarani kimbieni upande wa kulia, mkitazamana na magari, na asubuhi ya giza mvae kitu kinachong'aa. Dereva wa trela aliyekesha hawaoni.

Kuhusu miguu yenyewe sina mengi, kwa sababu hakuna siri. Inataka miezi. Maharagwe hayaivi kwa kupigiwa kelele, wala kwa kuzidishiwa kuni mara moja; utaunguza chini na juu yatabaki magumu. Mtu aliyekimbia kilomita 10 miaka minne iliyopita anaanza na saa moja ya kukimbia na kutembea, mara tatu au nne kwa wiki, anaongeza kidogo, na kila baada ya wiki tatu anapunguza ili mwili ushike ulichofundishwa. Baadaye anakwenda mbali Jumamosi, na Jumapili anakwenda tena akiwa amechoka, ili miguu ijue kufanya kazi bila furaha. Analala. Hili la kulala nalisema kwa waendesha boda hasa, ambao wanaamka saa kumi kuwahi abiria wa Kampala na kulala saa sita usiku. Mwili hujengwa usingizini, na huwezi kuukopa kila usiku ukategemea ujengeke.

Na kutembea, wanangu, kutembea ni kukimbia. Hili ndilo walilolikataa kabisa Jumapili. "Tumesema bila kusimama, Nyanya." Nikawaeleza kuhusu mabasi ya Comrades. Kule, watu hukusanyika nyuma ya mkimbiaji mzoefu mmoja, kundi hilo huitwa basi, na huyo mzoefu ndiye dereva. Anajua muda. Anajua mlima uko wapi. Akisema tembeeni, basi zima linatembea, wanaimba, wanakunywa maji, kisha akisema twende wanakwenda. Mbio ina kikomo cha saa 12, na anayefika sekunde moja baada ya bunduki kulia hahesabiwi. Waliopanda basi la dereva mzuri hufika. Wale waliowapita kwa mbwembwe asubuhi huokotwa njiani mmoja mmoja. Mjukuu wangu anajua matatu, hili lilimwingia. Akauliza, "Sasa dereva wetu nani?" Nikaona wameanza kutazamana kwa namna nyingine, wanatafuta mpole kati yao.

Swali la mwisho liliulizwa na yule mnyamavu, aliyekaa karibu na mlango. "Na mtu akishindwa?"

Nikamwambia kuhusu Eliud Kipchoge. Bingwa wa marathoni wa Olimpiki mara mbili, mtu aliyekimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019. Tarehe 10 Agosti 2024, Paris, mgongo ukamkataa. Karibu na kilomita ya 30 akasimama, akatoka barabarani, akawapa watazamaji viatu vyake. Kipchoge, akiwa na madaktari, makocha na maandalizi ambayo sisi hatutayaona. Kama yeye alikubali kusikiliza mgongo wake mbele ya dunia nzima, wewe hutashindwa kupanda matatu Adungosi ukarudi nyumbani kwa mama yako. Kuamua mapema, kabla ya siku yenyewe, ni dalili gani zitakufanya usimame, ni sehemu ya maandalizi. Saa ya saba hutakuwa na akili ya kuamua.

Wakanyamaza, wakamalizia mkate. Kisha mjukuu wangu akavirudisha viatu kwenye begi, akasema labda Desemba ni karibu mno. Sikumjibu, maana alikuwa ameshajijibu. Wamesogeza hadi Agosti mwakani, mvua za masika zikiwa zimeshapita, na yule mnyamavu wa mlangoni ndiye dereva wa basi.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri wanakuja kwangu. Watakwenda Alupe na kurudi, nusu kwa kukimbia, nusu kwa kutembea. Unga wa wimbi nimeshauchachua.